Aliomba nimsomee shahada, nikasali Baba Yetu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanajeshi, cheo changu koplo, umri miaka 32. Asili yetu ni Ukerewe ila nimekulia Mabatini hapa hapa Mwanza, na sasa naishi Ilemela na mke wangu na watoto wetu wawili. Ni Mkatoliki. Jeshini niko upande wa tiba. Kwenye doria mimi ndiye mbeba begi la huduma ya kwanza. Nilipelekwa kulinda amani nje ya nchi. Wapi na lini sitaji, naomba unielewe.

Huko nilikuwa na rafiki, Mwislamu, mtoto wa Kirumba. Ukiwa mbali na kwenu, mtu mnayeweza kubishana naye supu ya sato ya wapi ni nzuri ni ndugu yako kabisa. Mwezi wa Ramadhani mimi ndiye niliyekuwa namtunzia futari yake akiwa lindo. Krismasi akaniambia, "Nenda kasali, lindo lako nalishika mimi."

Siku tuliyoshambuliwa alipigwa risasi kinenani. Pale huwezi kufunga mkanda wa kuzuia damu, unachoweza ni kulijaza jeraha bandeji na kulikandamiza kwa uzito wako wote. Nikakandamiza. Helikopta iliitwa, haikuwahi. Fahamu alikuwa nazo. Akaniambia, "Nisomee." Nikamuuliza nikusomee nini. Akasema, "Shahada. Nisomee nikufuate, pumzi inakata."

Shangazi, maneno yale nayajua. Mabatini nyumba yetu na msikiti ni ukuta kwa ukuta, adhana nimeisikia tangu nabebwa mgongoni. Lakini ulimi ulikataa. Nilichowaza ni kwamba nikiyatamka nitakuwa nimesilimu, na huenda na mimi nikafa dakika hiyo hiyo. Nikaanza kusali Baba Yetu kwa sauti huku nimemkandamiza. Nilipofika "utusamehe makosa yetu" nikaona macho yako wazi lakini hayanioni tena.

Tangu nirudi, kanisani watu wakifika kwenye Baba Yetu mimi natoka nje najifanya napokea simu. Sasa siendi kabisa. Usingizi nalala saa mbili tatu, nashtuka mikono imekunjwa ngumi kama bado nakandamiza. Pikipiki ikipiga mlio barabarani najikuta nimeinama. Pombe nilikuwa siijui, sasa naijua.

Mama yake anauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Amenitumia ujumbe kupitia mpwa wake zaidi ya mara moja: anaomba kumwona aliyekuwa na mwanawe, amuulize neno moja tu. Sijaenda. Nikitaka kwenda mjini nazungukia Buswelu na Nyakato ili nisipite Kirumba.

Mke wangu hajui habari ya shahada. Anaona tu nimebadilika, amenipeleka kwa nabii mmoja ambaye amesema roho ya marehemu imenishika na inataka sadaka ya ukombozi, shilingi laki mbili na nusu, pamoja na mafuta na chumvi. Baba yangu huko Nansio anasema nirudi nyumbani achinje mbuzi, wazee wanisafishe, maana nimeshika damu ya mtu. Kambini huwa padri anakuja, ila wenzangu wananiambia ukimfungukia padri leo, kesho mkuu wa kikosi anajua, na jina lako halitaonekana tena kwenye safari yoyote.

Nilimkosea? Nimemharibia safari yake ya kwenda kwa Mungu? Nimwambie mama yake au ninyamaze nife nalo? Na huyo padri nimwamini? Wakati mwingine natamani ningelala mimi pale.

Koplo, Ilemela

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Barua yako nimeisoma nikairudia, na nitaijibu yote, lakini nitaanza na sentensi yako ya mwisho kwa sababu hiyo haiwezi kusubiri zamu.

Unasema unatamani ungelala wewe pale. Nakuuliza waziwazi kama ambavyo ningekuuliza ungekuwa umekaa mbele yangu: unafikiria kujiua? Kama jibu ni ndiyo, au ni "wakati mwingine", basi leo hii, siyo wiki ijayo, mwambie mtu mmoja unayemwamini kikosini, umwambie kwa maneno hayo hayo, na uombe upangiwe kazi isiyokuweka peke yako usiku na silaha. Mawazo ya namna hiyo huja kwa mawimbi, na mtu akivuka wimbi hajashika bunduki wala chupa, mara nyingi asubuhi yupo. Usiku ukizidi, nenda idara ya dharura ya hospitali yoyote kubwa, Bugando au Sekou Toure, useme hivyo hivyo ulivyoniandikia. Hakuna aibu. Wewe umewabeba wengine kwenda kutibiwa, na sasa zamu yako ya kubebwa imefika.

Sasa hiyo shahada.

Sikutaka kukujibu kwa kubahatisha, nikamwendea sheikh mmoja wa hapa Mwanza ninayemheshimu, nikamweleza kisa bila kutaja chochote cha kukutambulisha. Alinyamaza kidogo, kisha jambo la kwanza aliloniuliza halikuwa juu yako. Aliuliza, "Aliiomba mwenyewe?" Nikasema ndiyo, aliiomba mwenyewe akiwa na fahamu zake. Uso wake ukafunguka.

Alinieleza hivi. Katika Uislamu ni sunna aliye karibu na anayekata roho amkumbushe kalima, Laa ilaaha illa Llah, kwa upole, ili yawe maneno yake ya mwisho. Lakini anayekumbushwa ndiye mwenye jambo. Anayemkumbusha ni msaidizi tu. Mtu aliyefika pale akaitaka shahada kwa kinywa chake, moyo wake ulikuwa umeshafika kwenye shahada. Na Kurani, Sura ya Al-Baqara aya ya 286, inasema Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake. Rafiki yako alikuwa anavuja damu chini ya risasi, pumzi imebaki kidogo, na akafanya kilichokuwa ndani ya uwezo wake: akaomba. Wala maneno yako wewe hayaandikwi kwenye daftari lake. Sura ya Al-An'am aya ya 164 inasema hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine. Hukumu ni ya Mungu na sheikh hakujifanya kuisema, lakini hofu yako kwamba Baba Yetu yako ilimkata njia, alisema haina mahali pa kusimama.

Kuhusu ile hofu ya kusilimu. Kuingia katika Uislamu kunataka imani na nia. Mtu anayetamka kalima ili kumsaidia mwenzake anayekufa, hali yeye mwenyewe haiamini, hajasilimu. Na usidhani hili ni la Waislamu pekee. Kanisa lako mwenyewe linafundisha kwamba mtoto akiwa katika hatari ya kufa na hakuna padri wala shemasi, mtu yeyote anaweza kumbatiza, hata ambaye yeye mwenyewe hajabatizwa, mradi anakusudia kufanya lile ambalo Kanisa linafanya. Kanuni ya 861 ya Sheria za Kanisa inaruhusu. Chukua muuguzi Mwislamu, zamu ya usiku, kichanga kinakata roho na mama yake Mkatoliki analia kibatizwe. Akimwagia maji akatamka maneno, ubatizo ni halali, na asubuhi yeye anaenda kuswali kwake kama kawaida. Kwa hiyo jambo uliloliogopa, dini zote mbili zilikwisha kulifikiria zamani, na zote zimelipa jibu la huruma.

Kuna kisa cha vita vya kwanza vya dunia ambacho watu wa huduma za kiroho jeshini hukisimulia sana. Abraham Bloch alikuwa rabi wa Kiyahudi kutoka Lyon, Ufaransa, aliyejitolea kuwahudumia askari. Inasimuliwa kwamba tarehe 29 Agosti 1914, huko milima ya Vosges, askari mmoja Mkatoliki aliyekuwa anakufa alimdhania kuwa ni padri, akamwomba msalaba aubusu. Rabi akautafuta msalaba, akamletea. Muda mfupi baadaye kombora likamuua na yeye. Hakuna aliyesema alikufa Mkristo. Wayahudi wa Ufaransa wanamkumbuka kama rabi wao, na mnara wake upo karibu na mahali alipoangukia.

Sikuletei kisa hiki ili ujione mdogo mbele yake. Bloch alikuwa mtu mzima aliyesomea kazi hiyo miaka na miaka. Wewe ulikuwa na mikono yote miwili ndani ya jeraha, na hakuna aliyewahi kukukalisha chini akakwambia: ukikutana na Mwislamu anakufa, fanya hivi, akiwa Mlutheri, fanya hivi. Tofauti hiyo ni kubwa, na ningependa uiweke kwenye mizani kila unapojihukumu.

Sitakudanganya, lakini. Aliomba kitu, na kwako hakukipata. Ukweli huo utauma, na mtu akija kukwambia "sahau tu, hukufanya kosa lolote" hutamwamini, na utakuwa na haki ya kutomwamini. Ninachokwambia ni kwamba kilichokuzuia kilikuwa hofu, wala haikuwa dharau. Kumpenda ulimpenda. Ulibaki. Hukuondoa mikono. Sauti ya mwisho aliyoisikia ilikuwa ya mtu anayemjua, inamtaja Mungu kwa Kiswahili. Mkataba wa kwanza wa Geneva wa mwaka 1949, ibara ya 24, unawataja watu wa tiba na makasisi wa jeshi pamoja, kwamba waheshimiwe na kulindwa, wasishambuliwe. Siku ile ulikuwa mmoja, ukafanya kazi ya wote wawili, na moja kati ya hizo hukufundishwa.

Twende kwa mama yake. Nimelifikiria hili kuliko mengine yote, na jibu langu ni: nenda.

Mwanangu, jambo unalolificha kama aibu yako ndilo mama huyo analolisubiri. Mama Mwislamu aliyempoteza mwanawe mbali, akaletewa sanduku, ana swali moja linalomkesha: mwanangu alikufaje, alimkumbuka Mola wake? Wewe peke yako katika dunia hii ndiye mwenye jibu, na jibu ni zuri. Aliitaka shahada. Aliitaka kwa kinywa chake. Anza na hilo. Sema, "Mama, alikuwa na fahamu zake, na aliniomba nimsomee shahada." Kisha nyamaza. Mwache alie, mwache aseme alhamdulillahi, mwache aulize tena na tena, na kila akiuliza mjibu hivyo hivyo.

Na Baba Yetu je? Mwambie pia, lakini ije baadaye, na iwe fupi. "Mimi ni Mkristo, mama, niliogopa kuyatamka, nikamwombea kwa sala ninayoijua." Usimfiche, kwa sababu ukimficha utaendelea kuzungukia Buswelu. Ila usiende kwake kutafuta msamaha wa siku hiyo hiyo. Mama aliyefiwa asipewe kazi ya kukubembeleza wewe. Ndiyo maana nataka uende kwa padri kwanza, na kwa mama baadaye, ukiwa umeshautua mzigo wako mahali pengine, ili siku ya kwake iwe ya kwake.

Mambo madogo ambayo si madogo. Usivae kombati. Huenda mara ya mwisho mama huyo kuona kombati mlangoni pake ilikuwa siku ya habari. Vaa shati lako la kawaida. Usimfuate Mwaloni mezani kwa dagaa mbele ya wateja. Tuma neno kwa yule mpwa, upangiwe siku nyumbani, alasiri, na isiwe Ijumaa mchana. Beba sukari na mchele, kama mtu anayekwenda kuhani, kwa sababu ndicho unachokwenda kufanya, hata kama arobaini ilishapita. Nenda na mkeo. Habari za mahali, za operesheni, za nani alifyatua wapi, hizo ni za jeshi na familia ilishaelezwa na jeshi; usizitoe. Jeraha usilieleze. Akikuuliza kama aliteseka, mwambie hukuondoka kando yake mpaka mwisho, kwa maana huo ni ukweli.

Akikasirika? Inawezekana. Anaweza kukuuliza kwa nini ulimnyima maneno mepesi kiasi hicho. Usijitetee, wala usimletee aya nilizokuandikia hapa. Mwambie, "Ni kweli, mama." Kaa mpaka akuruhusu kuondoka. Wiki zikipita, tuma salamu. Akina mama wa Mwaloni nawafahamu, wana midomo na wana mioyo, na sitashangaa siku moja akikufungia dagaa uwapelekee wanao.

Sasa padri. Wenzako wanachanganya mambo mawili, na ni vizuri uyajue kwa sababu yatakulinda. Maungamo ni kitu kimoja, mazungumzo ni kitu kingine. Ukiungama, padri amefungwa na kanuni ya 983: haruhusiwi kumsaliti muungamaji kwa neno wala kwa njia nyingine yoyote, kwa sababu yoyote ile. Hakuna mkuu wa kikosi, mahakama wala askofu anayeweza kumfungua, na padri anayevunja siri hiyo moja kwa moja anajitenga na Kanisa papo hapo. Kwa hiyo ukifika, sema kabla ya lolote: "Padri, naomba kuungama." Mengine yote yaje baada ya hapo. Mazungumzo ya kawaida nje ya maungamo nayo mchungaji yeyote mwema huyatunza, lakini hayana muhuri ule ule, kwa hiyo muulize mapema, "Haya tutakayoongea yanabaki hapa?" na usikilize anavyojibu. Mshauri wa afya akiona uhai wako uko hatarini anaweza kulazimika kumwambia mtu, na hilo nalo ni la kukulinda.

Kama bado unasita kumwona padri wa kambini, si lazima awe yeye. Parokia za mjini zimejaa mapadri wasiomjua mkuu wako hata kwa sura. Ingawa, kama atatokea kuwa mtu mwenye masikio, yule wa kambini ana faida moja: anaijua harufu ya maisha yenu. Katika majeshi ya Uingereza na Marekani kasisi wa jeshi habebi silaha, na hilo linaweza kumsaidia askari amwone kama mtu asiyekuja kumtuma wala kumpima.

Umwambie padri na hili la kutoka nje wakati wa Baba Yetu. Usijilazimishe kuisali. Simama tu katikati ya watu wakati wao wanasali, midomo ikiwa imefungwa, mpaka siku itakapofunguka yenyewe. Kanisa halitakufukuza kwa hilo.

Dhamiri ni kitu kimoja, na mwili wako ni kitu kingine. Kushtuka kwa mlio wa pikipiki, kulala saa mbili, kuamka na ngumi, kukwepa njia, pombe: hivyo ndivyo kiwewe kinavyokaa mwilini, na kikizidi mwezi mmoja kinahitaji daktari. Kinatibika, kwa mazungumzo ya kitaalamu na wakati mwingine kwa dawa. Bugando wana idara ya afya ya akili. Kama una imani na daktari wa kikosi, anza naye. Lakini dawa ya usingizi haitakujibu swali la "nilimkosea?" Jonathan Shay, daktari wa Marekani aliyewatibu kwa miaka mingi askari waliopigana Vietnam, aliandika kuhusu jeraha la namna hiyo, linalokaa kwenye dhamiri, na mwaka 2009 mwanasaikolojia Brett Litz na wenzake wakaeleza jinsi mtu anavyoweza kuumia kwa jambo alilofanya au aliloshindwa kulizuia, hata kama hofu yenyewe ilishapita. Ndiyo sababu unahitaji wote wawili, daktari na padri. Mmoja asikufanye umwache mwingine.

Nabii mwache. Nasema bila kuzunguka: mtu anayekwambia rafiki yako aliyekushikia lindo siku ya Krismasi amegeuka pepo anayekudai laki mbili na nusu, anamtukana marehemu na anakuibia wewe. Chumvi mnayo nyumbani.

Baba yako ni habari nyingine, nakuomba usimweke kapu moja na nabii. Wazee wa ziwa hili hawakumruhusu mtu atoke vitani akae tu sebuleni kama aliyetoka sokoni. Kwa baadhi ya makabila ya upande wa mashariki wa ziwa, aliyeua adui vitani alinyolewa nywele akafanyiwa dawa aliporudi. Na kama Biblia unayo karibu, fungua Hesabu 31 kuanzia mstari wa 19: Musa anawaamuru waliotoka vitani, aliyeua na hata aliyegusa maiti tu, wakae nje ya kambi siku saba wajitakase. Aliyegusa maiti tu, mwanangu. Walijua kwamba mtu huyo anahitaji kurudishwa kwa watu kwa utaratibu. Nenda Nansio. Vuka na kivuko na familia yako, mbuzi achinjwe, mle pamoja, wazee wakuombee na kukutamkia kwamba umerudi. Kama kuna sehemu ya desturi inayokusumbua imani yako, mwambie padri mapema akushauri ipi uikubali na ipi uikatae kwa heshima. Baba hakudai hata senti, anataka kumwona mwanawe.

Naomba wakubwa wa vikosi wanaosoma hapa wanivumilie kwa neno moja. Tunawaheshimu waliokufa. Kila tarehe 25 Julai viongozi wa dini zote husimama kuwaombea mashujaa, na ng'ambo ya ziwa, Kaboya wilayani Muleba, askari wetu wa vita vya Kagera wamelazwa kwa heshima. Mkataba ule ule wa Geneva, ibara ya 17, unataka maiti wazikwe kwa taratibu za dini yao inapowezekana. Lakini kijana huyu alikuwa na mtu ambaye bado anapumua, na hakuna aliyekuwa amemwandaa. Kadi moja ngumu ya kuingia mfuko wa shati ingetosha: upande mmoja kalima kwa herufi zetu, upande wa pili Baba Yetu na sala fupi ya toba, na mstari mmoja unaosema kumsomea mwenzako hakubadilishi dini yako. Sheikh na padri wakae pamoja asubuhi moja na watu wa tiba kabla hawajasafiri, wawafundishe. Gharama yake haifiki hata bei ya buti.

Narudi kwako. Padri, halafu daktari, halafu mama wa Kirumba. Nansio iangukie likizo yako. Lakini kabla ya hao wote, mwambie mkeo. Anahangaika na manabii kwa sababu hana habari. Ameona mume amebadilika na hakuna aliyemwambia kwa nini, na mtu asiyeambiwa hutafuta jibu popote. Mkalishe watoto wakishalala, umweleze kuanzia "nisomee" mpaka mwisho. Ukishindwa kusema kwa mdomo, mpe karatasi hii aisome, mradi afanye hivyo kabla hajatuma pesa.